Kupiga picha makundi mawili yakikabiliana barabarani: mwongozo kwa wapiga picha wa Unguja na Pemba

Kila msimu wa uchaguzi Zanzibar huwa na siku yake ya barabara moja na makundi mawili. Upande huu kijani na njano ya CCM, upande ule rangi za wapinzani, na katikati ukanda wa lami ambao hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuukanyaga. Mpiga picha mgeni wa kazi hufika pale akitafuta uso wenye hasira. Uso huo ataupata, tena bila taabu. Kazi hasa ni kuuonyesha ule ukanda: ulikuwa mpana kiasi gani, nani aliuvuka kwanza, askari walikuwa wapi. Na yote hayo huamuliwa na mahali uliposimama kabla hata hujafungua kifuniko cha lenzi.

Ninaandika kwa ajili ya mwandishi wa gazeti, mwanafunzi wa uandishi wa habari, na yule kijana wa redio jamii aliyetumwa kurekodi sauti kisha akaambiwa "na picha usisahau". Huyu wa mwisho ndiye ninayemhofia zaidi, maana huenda na simu peke yake na hakuna aliyemwelekeza kitu.

Jua ugomvi una umri gani

Juni 1961, siku ya uchaguzi wa kabla ya uhuru, wafuasi wa vyama vya ASP (Afro-Shirazi) na ZNP (Hizbu) walipigana Unguja na watu 68 wakafa. Vyama vingi viliporudi 1992 na uchaguzi ukafanyika 1995, mgawanyiko ule ukavaa majina mapya, CCM iliyo madarakani na CUF ya upinzani, ukaingia hadi madukani na makaburini. Pemba walikuwapo watu wasionunua sukari kwa mtu wa chama kingine wala kwenda kumzika. Tarehe 27 Januari 2001 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF. Zaidi ya watu 20 waliuawa, wengi wao Pemba, na wapatao 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Ukaja muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba 2001, yakaja maridhiano ya Novemba 2009, kura ya maoni ya Julai 2010 na serikali ya umoja wa kitaifa. Oktoba 2015 mwenyekiti wa ZEC, Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, akaufuta uchaguzi, ukarudiwa Machi 2016 na CUF ikaususia. Mwaka 2019 Maalim Seif, aliyekuwa kiongozi wa CUF, na watu wake wakahamia chama cha ACT-Wazalendo, na kuta za ofisi nyingi za CUF zikageuka zambarau.

Tarehe hizi zinakusaidia kusoma watu. Mzee wa Wete akikuona umeinua kamera hafikirii ukurasa wa mbele wa gazeti. Anafikiria mwaka 2001, nani alitambuliwa, nani alichukuliwa usiku. Kijana wa CCM wa Kisiwandui naye amelelewa kwa habari za 1961 na za Mapinduzi ya 1964, na anaamini kwamba picha za waandishi siku zote humwonyesha yeye kama mchokozi. Wote wawili wana sababu zao za kukunyang'anya kamera.

Barazani kwanza

Mpiga picha anayeonekana mtaani kwa mara ya kwanza siku ya vurugu ni mtu wa usalama, hadi ijulikane vingine. Kwa hiyo nenda mapema, bila kamera. Kisonge, pale Michenzani, ni maskani, yaani kijiwe, ya CCM inayojulikana kisiwa kizima kwa ubao wake wa maneno makali. Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, ni baraza ya kahawa ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya wapinzani. Kunywa kahawa kote kuwili. Toa salamu, kaa, tazama watu wanavyocheza bao. Siasa itakuja yenyewe, hutakuwa na haja ya kuiita. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na watu wataitafuta yako: nani kakutuma, wewe mtoto wa nani, kura yako ulimpa nani. Mawili ya kwanza jibu wazi. La tatu mwambie kwa adabu, "Mzee wangu, hilo kazi yangu hainiruhusu." Atacheka, na atawaambia wengine.

Ukinywa kahawa upande mmoja tu, upande wa pili utakuwa na habari kabla ya alasiri.

Pemba mambo ni ya karibu zaidi. Chake Chake, Wete au Konde sura mpya hujulikana kabla haijashuka kwenye gari. Piga hodi kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ni adabu na ni kinga pia. Lakini sheha huteuliwa na serikali, na machoni pa wapinzani si mtu wa katikati, hata awe mwema kiasi gani. Ukizunguka naye mtaa mzima umeshachaguliwa upande. Msalimie, jitambulishe, muage, kisha tembea na kijana wa pale pale ambaye kwao kuna watu wa vyama vyote. Familia za namna hiyo ni nyingi kuliko wanasiasa wanavyokiri.

Karatasi

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ni ya Bara. Zanzibar ina sheria zake, kuanzia ile Namba 5 ya 1988, kwa hiyo usitegemee kitambulisho cha Bara peke yake. Tafuta cha hapa. Wakati wa uchaguzi tume ni mbili, ZEC kwa uchaguzi wa Zanzibar na INEC kwa ule wa Muungano, na kila moja hutoa ruhusa yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika huku pia: maelezo ya uongo chini ya picha ya kweli yanaweza kukupeleka mahakamani. Uhuru wa maoni umo katika kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984. Kijue, ila usimsomee afande aliyeshika rungu. Droni iache nyumbani kama huna kibali cha mamlaka ya anga, na kambi za jeshi na za vikosi usizielekezee lenzi kabisa.

Nguo na mkoba

Chagua nguo usiku wa kuamkia, kwa sababu kabati la Mzanzibari limejaa vyama bila mwenyewe kujua. Kijani na njano, hapana. Zambarau, hapana. Nyekundu na buluu pamoja, hapana. Kaki inakufanya askari, na mabaka ya kijeshi raia haruhusiwi kuyavaa. Inabaki kijivu na rangi ya udongo. Kanzu inakupa heshima barazani lakini haikimbiliki. Mwanamke aliyevaa buibui ana nafasi ambayo mimi sina: kwenye mikutano ya kisiasa wanawake hukaa upande wao, na picha nzuri za upande ule huwa zake. Viatu viwe vya kamba. Kandambili zinabaki barabarani mbio zinapoanza, na wewe unabaki nazo.

Mkoba uwe mdogo. Kamera moja au mbili, lenzi ya milimita 24–70 na, ukiwa nayo, ya 70–200. Kadi nne ndogo ni bora kuliko moja kubwa, maana ukinyang'anywa moja hujapoteza siku nzima. Betri ya akiba, chupa ya maji ya lita moja, kanga ya kufungia jeraha, karatasi yenye damu yako ni grupu gani. Uchaguzi wetu huangukia Oktoba na vuli hunyesha bila hodi, kwa hiyo beba kifuniko cha mvua cha kamera. (Zamani tulitumia mifuko ya rambo. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, na kwa kweli bahari inashukuru kuliko sisi.) Kwa moshi wa machozi, miwani ya kuzamia wanayotumia wavuvi wa pweza inabana uso vizuri na si ghali. Helmeti ya bodaboda inazuia jiwe. Haizuii risasi, usidanganyike.

Maandishi ya HABARI kifuani yanasaidia mbele ya polisi na mbele ya viongozi wa vyama. Mbele ya vijana waliofunika nyuso hayasaidii, wakati mwingine yanakuponza. Yawe kwenye kizibao unachoweza kukivua.

Asubuhi ya siku yenyewe: pima barabara

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo ya thamani kuliko zote. Fika saa moja asubuhi, barabara ikiwa bado ya wauza maandazi. Tembea kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine ukihesabu hatua zako, andika. Hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja kasoro kidogo. Mchana, makundi yakisimama moja kwenye nguzo ya tatu na jingine kwenye nguzo ya nne, utajua ni mita ngapi zilizowatenganisha, na hutalazimika kuandika "karibu karibu".

Kisha tazama jua litakuwa wapi. Chukua mfano wa Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado tunaiita Creek Road, pale Darajani. Barabara ile inakwenda kaskazini hadi kusini, Mji Mkongwe ukiwa magharibi na Ng'ambo mashariki. Makundi yakikabiliana kwa urefu wa barabara, baada ya alasiri simama mgongo ukiwa Mji Mkongwe. Jua liko nyuma yako, linayapiga makundi yote mawili ubavuni kwa kiasi kile kile, na nyuma yako kuna vichochoro vya kutokea. Asubuhi mambo yanageuka na itakubidi uvuke upande wa pili. Ukisimama kwenye mhimili wa barabara, nyuma ya kundi moja, huenda wale unaowatazama wanang'ara kwa jua na hawa wa karibu ni vivuli vyeusi tu, na msomaji ataona watu upande mmoja na mizimu upande mwingine.

Vichochoro vipite kwa miguu yako mwenyewe. Mji Mkongwe una vinavyoishia ukutani au kwenye mlango wa mtu, na mtu anayekimbia hupenda kukata kona asiyoijua. Chagua njia mbili za kutokea na nyumba moja ya kuingilia. Michenzani ni kinyume: majumba yale marefu ya miaka ya 1970 yameacha nafasi pana isiyo na pa kujibanza, lakini yana ghorofa. Panda, piga hodi, salimia mama mwenye nyumba, mweleze unataka dakika chache za roshani yake. Akikubali, usipige picha inayoonyesha kingo za roshani, mapazia, wala kamba yake ya nguo. Kesho watu watainama juu ya picha ile kutafuta imepigwa kutoka nyumba ipi. Chake Chake na Wete zimejengwa kwenye miinuko, kwa hiyo huko mara nyingi kilima chenyewe kitakupa urefu unaoutaka bila kumuingiza mtu matatizoni.

Pa kusimama, na lenzi ipi

Lenzi ndefu huleta vya mbali karibu na kuvibananisha. Simama mita 80 nyuma ya kundi la kwanza, vuta kwa milimita 200, na makundi yaliyoachana mita 60 yataonekana yanashikana mashati. Picha itauzwa. Itakuwa pia imesema uongo bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Nimeona picha za namna hii zikizunguka kwenye simu Unguja zikiwa na maneno "wameshaanza kupigana", na vijana wa mtaa wa pili wakatoka na mapanga kwa ajili ya ugomvi ambao haujatokea.

Ndiyo maana picha ya kwanza ya kazi iwe ya ubavuni. Ingia kwenye kichochoro kinachokata barabara katikati ya makundi, au simama barazani pa duka, tumia lenzi ya milimita 24 hadi 35, na uhakikishe fremu ina mambo matatu: ncha ya kundi la kushoto, ncha ya kundi la kulia, na lami iliyo katikati. Askari wakiwapo, nao waingie. Picha hii haina hasira nyingi na mhariri anaweza kuipuuza, lakini ndiyo itakayosimamia nyingine zote utakapoulizwa.

Baada ya hapo rudi kwenye nyuso, kwa mpango. Kila kundi lipate picha pana, ya kati na ya karibu, kwa lenzi ile ile na kutoka urefu ule ule. Usimpige mmoja kutoka chini akawa jitu na mwingine kutoka roshani akawa sisimizi. Usimngoje huyu afumbue mdomo kwa kelele na yule umchukue akicheka. Ukitumia nusu saa upande mmoja, tumia nusu saa upande wa pili, na uvuke kwa kuzunguka nyuma, usikate katikati ya ukanda ule. Anayekatiza pale na kamera anaonekana mjumbe, na kuna atakayetaka kujua amebeba ujumbe gani.

Usawa huu ni wa pembe na wa muda. Hauna maana ya kugawa makosa nusu kwa nusu. Upande mmoja ukirusha mawe na mwingine usirushe, usizunguke kutafuta jiwe la upande wa pili ili picha zako zionekane za haki. Piga kilichotokea.

Tazama pia pembezoni. Wazee wanaowavuta vijana nyuma kwa mikono ya kanzu. Muuza urojo anayekusanya bakuli zake, ambaye mara nyingi hunusa hatari kabla ya askari. Watu wawili wa makundi tofauti wanaosalimiana kwa sababu ni ndugu; hili hutokea kweli, na ukilipata lipige, ila usiwaombe warudie. Adhana ya alasiri ikilia, wengi huondoka kwenda kusali, wengine msikiti mmoja. Usiondoke nao ukidhani mambo yamekwisha. Kurudi kwao ndiko kunakotaka macho.

Mwanga

Panga mwanga wa kamera wewe mwenyewe, usiiachie ijipangie. Kamera inayojipimia mwanga ikiona kanzu nyingi nyeupe hupunguza mwanga na nyuso zinakuwa nyeusi tii. Ikiona mabuibui mengi huongeza, na kila kitu kinapauka. Ukiiachia, kundi la wanaume na kundi la wanawake waliosimama chini ya jua moja watatoka kama wa siku mbili tofauti, na kundi lenye nyuso za giza ndilo litakaloonekana la shari. Jua kali la mchana wetu linataka f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/1000 (ya sekunde), ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kivulini mwa kichochoro anza na f/4, 1/500, ISO 800. Magharibi inapokaribia fungua lenzi hadi mwisho, shuka 1/250, panda ISO 3200 na zaidi; picha yenye chembechembe ni bora kuliko iliyotikisika. Flashi usitumie. Inakutangaza, na kwenye giza la vurugu mwanga wa ghafla unaweza kuchukuliwa kwa kitu kingine.

Saa sita mchana jua liko utosini na kofia huziba macho ya mtu. Ngoja ainue uso, au rudi alasiri.

Piga faili za RAW, yaani ghafi, kwa kumbukumbu na JPEG ndogo kwa kutuma. Usipige mfululizo kama bunduki. Askari hutambua sauti ile na kadi hujaa wakati unaoihitaji.

Mambo yakiharibika

Dalili zipo. Maduka yanafungwa moja moja kisha yote kwa pamoja. Watoto wanaitwa ndani. Nyimbo za chama zinageuka matusi ya majina ya watu. Nyuma ya kundi kunatokea wapya wasioimba. Ukiona pikapu isiyo na namba imebeba vijana waliofunika nyuso, wale ambao watu wa Unguja waliwaita mazombi katika miaka ya uchaguzi wa 2015 na 2016, shusha kamera, ingia ndani, na kama ni lazima piga kutoka dirishani bila kusogea karibu na kioo. Hakuna mhariri anayestahili ubavu wako.

Mawe yakianza, toka kwenye mhimili wa barabara uende ubavuni, jikinge na nguzo ya baraza, usimame ambapo unaona mikono ya watu. Macho yote mawili yawe wazi unapotazama ndani ya kamera. Uwe na mwenzako mmoja ambaye kazi yake ni kukutazamia mgongo na kukuvuta shati. Asipige picha, hata simu aiweke mfukoni.

Polisi wakiingia kati, sasa kuna pande tatu. Kaa nje ya mstari wa silaha zao na nje ya mstari wa mawe. Tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kijijini Nyololo, Iringa, akiwa kazini kwenye shughuli ya CHADEMA, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kutoka karibu sana, akiwa amezungukwa na polisi. Askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2016. Watu huliita bomu la machozi kana kwamba ni moshi tu. Kwa karibu ni kombora. Ukiona bunduki ya askari imelazwa, si kuelekezwa juu, ondoka.

Moshi hufuata upepo, kwa hiyo ujue siku hiyo unavuma kutoka wapi na usimame huko unakotoka. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba. Oktoba upepo ni wa kubadilika na itabidi utazame bendera za vyama, ambazo siku hiyo hazikosekani. Asubuhi usijipake mafuta usoni, yananasa kemikali. Lenzi za machoni ziache. Ukipatwa, usisugue, osha kwa maji mengi, kaa penye hewa.

Askari akikudai kamera, usikimbie wala usivutane naye. "Afande, mimi mwandishi, kitambulisho hiki hapa, naomba tuongee na mkubwa wako." Kadi uliyokwisha kuijaza iwe imeshatoka kwenye kamera, iko soksini au kwa mwenzako. Simu yako ifungwe kwa namba za siri, alama ya kidole uizime, kwa sababu kidole chako kinaweza kushikwa na kuwekwa kwa nguvu.

Nyuso za watu

Visiwa hivi ni vidogo. Uso ulio wazi kwenye picha ya Wete utatambuliwa na mwalimu wake wa skuli, na mwajiri wake, na jamaa ya mchumba wake. Kiongozi wa chama aliyepanda gari na kushika kipaza sauti amejianika mwenyewe. Kijana aliyesimama kando hakujianika. Kwa huyo tumia mgongo, kivuli, mikono, bendera iliyomfunika nusu. Mwanamke akiinua mtandio kuficha uso, ameshajibu. Watoto hufuata kila maandamano kama wanavyofuata beni; usimpige kwa karibu mtoto aliyevishwa fulana ya chama, hata akikuomba.

Ukiamua kuficha uso baada ya kupiga, weka doa jeusi kamili. Ule ukungu mwepesi wa programu za simu wakati mwingine hauzuii kumtambua mtu. Zaidi ya hapo usiguse kitu ndani ya picha: usifute jiwe, usiongeze moshi, usikate fremu kwa namna inayoondoa upande wa pili.

Maelezo ya picha

Saa ya kamera iwe sawasawa na ya simu kwa dakika, tangu asubuhi. Kamera itaandika 16:15 na wewe utaandika saa 10:15 alasiri. Hakikisha mhariri aliyeko Nairobi au Dar es Salaam anajua unatumia ipi, maana mpangilio wa nani alianza unaweza kupinduka kwa saa sita.

Fulana haithibitishi uanachama. Fulana hugawiwa bure, na mtu akipewa fulana huivaa. Andika "watu waliovaa sare za CCM" au "waliobeba bendera za ACT-Wazalendo" kama hujazungumza nao. Na wenye magwanda si wote polisi. Jeshi la Polisi ni la Muungano. KMKM (cha kuzuia magendo), JKU (cha kujenga uchumi), Valantia, Zimamoto na Mafunzo (magereza) ni vikosi vya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Soma bega na kofia kwanza. Kuandika "polisi" juu ya picha ya KMKM ni kosa ambalo serikali itakusahihisha hadharani na wapinzani watalikumbuka miaka.

Neno "walirushiana" liandike tu kama umeona mawe yakienda pande zote mbili. Kama umeona upande mmoja, taja huo mmoja. Kama umefika mawe yakiwa tayari hewani, andika saa uliyofika na uache suala la nani alianza kwa aliyeona. Idadi ya watu ihesabu kwa eneo: kundi lililolegea ni kama mtu mmoja kwa mita ya mraba, lililobanana ni wawili, la kusukumana wanafika wanne. Barabara ya upana wa mita 8, watu waliobanana kwa urefu wa mita 50, ni kama 800. Kiongozi wa chama atakuambia 5,000. Mwandikie kwamba amesema.

Kutuma na kuhifadhi

Ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha, la sivyo inabanwa hadi hakuna anayeweza kuikuza. Zima kabla ile huduma ya kurekodi mahali ulipo kwenye kamera na simu, ili picha isibebe anwani ya ile roshani ya Michenzani. Na usitegemee mtandao. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, na aliyekuwa na picha alibaki nazo mkononi. Kabla ya siku hiyo panga na mtu anayepanda boti, au anayekwenda uwanja wa ndege, achukue kadi yenye nakala. Nakala ya pili ibaki kisiwani kwa mtu asiye wa habari, na wewe usikae na zote.

Siku zinazofuata watakupigia. Atapiga mtu wa chama akitaka picha za "wale wengine" ili awajue; usimpe, na usimpe na wa upande wa pili. Polisi wakizitaka, waambie waandike barua kwa ofisi yako, na picha zilizokwisha kuchapishwa wanaziona kama kila mtu. Atapiga pia mama mmoja kutoka Micheweni au Mwembeladu, kasikia kwamba mwanawe anaonekana. Huyo msikilize hadi mwisho. Fungua faili, tazama kama kijana anatambulika na kama picha inasimama bila yeye, mwite mhariri mkiwa mnaitazama pamoja, na umpigie mama jibu siku hiyo hiyo, liwe la ndiyo au la hapana.